Sikuizima

Mimi ndiye niliyeshika simu.
Naanza na hilo, wengine wasilitafute.

Ilikuwa tarehe ishirini na saba, Desemba,
Majengo, nyuma ya duka la vipuri la akina Wilbard.
Moshi imejaa magari yenye vumbi la mbali,
kila mgomba una mgeni, kila jiko lina mbuzi.
Nderingo alikuwa ametoka Geita na viatu vipya
na kicheko kilekile cha darasa la sita.

Wilbard akasimamisha chupa juu ya tairi.
Pombe kali, ile kubwa, kizibo hakijavunjwa.
"Elfu hamsini, ukiimaliza kabla ya dakika tano."
Nderingo hakuuliza bei ya kushindwa.
Akavua saa yake anipe, kisha akairudisha mkononi:
"Hapana, tumia simu. Simu haina huruma."

Nikabonyeza.

Koo lake lilipanda na kushuka
kama pampu ya kisima cha shule.
Dakika ya kwanza alitukonyeza.
Ya pili machozi yakamtoka, tukacheka,
tukapiga tairi kwa viganja.
Ya tatu
na sekunde arobaini na moja
akaigeuza chupa juu chini. Tone moja
likaangukia kiatu cha kulia.

Alisimama wima, jamani. Hilo ndilo lililotudanganya.
Alizihesabu noti zote, hakukosea hata moja.
Tukadhani tumbo lake limeshinda,
kumbe pombe ilikuwa bado ukumbini,
inavua kandambili,
inauliza vyumba vya ndani viko wapi.

Nusu saa baadaye ulimi ukawa mzito.
Akaniita Eliapenda, jina la mdogo wake.
Akakaa. Akalala. Akaanza kukoroma.
"Mwacheni, itamtoka usingizini."
Nani alisema? Usiku mwingine nasikia sauti ya Wilbard.
Usiku mwingine, yangu.
Tukamlaza chali juu ya maboksi,
tukamfunika koti, tukaona tumetenda wema,
tukarudi kwenye nyama.

Kwao Kibosho, bibi yake hupika mbege.
Ulezi lazima uote kwanza. Ndizi zichemke
mpaka ziwe na rangi ya udongo wa mfereji,
halafu zingoje, nawe ungoje.
Ikiiva, kata inazunguka:
unakunywa, unafuta mdomo, unampa jirani,
anakusimulia kesi ya mpaka wa shamba
hadi kata ikurudie.
Sisemi kwamba haileweshi. Nimewaona
waliokesha kwenye majani ya kahawa na kofia usoni.
Nasema tu, kata ikizunguka
kuna mtu anakutazama machoni.
Sisi tulitazama simu.

Mama Siara wa supu alikuja kudai bakuli zake.
Akasimama juu ya maboksi.
"Huyu mbona kanyamaza?"
Akamgeuza ubavu kwa mikono yenye mafuta,
akamkomba matapishi mdomoni, akatutukana
kwa Kichaga, kisha kwa Kiswahili,
ili mtu asijifanye hakusikia.
Midomo yake ilikuwa ya zambarau.
Pumzi moja. Ungeweza kufunga kamba za viatu
kabla ya kuisikia nyingine.

Bajaji ikatupandisha KCMC.
Wilbard analia kwa kwikwi,
noti zake zimetuna kwenye mfuko wa shati la Nderingo.

Daktari alikuwa wa rika letu, kalamu imekwama nyweleni.
"Amekunywa kiasi gani?"
Tukaonyesha kwa mikono, kama wavuvi waongo.
"Kwa muda gani?"
Hilo nililijua. Nikatoa simu.
Sikuwa nimeizima.
Masaa matatu, dakika sita,
na tarakimu za mwisho zinakimbia, zinakimbia.
Akaipokea, akaisoma,
akailaza kifudifudi mezani.

Viatu vile sasa anavivaa Eliapenda.
Cha kulia kina doa, dogo, karibu na kamba.
Jumapili ananiuliza kama najua dawa ya kulitoa.